Kwa Nini Viputo vya Maji ya Bahari ni Vidogo: Shajara ya Mradi

Jumamosi, 8 Juni

Nimetoka Sahare, Tanga, kwa shemeji. Nyuma ya nyumba ana matangi mawili: moja la vifaranga vya mwatiko, maji ya bahari, jingine la perege, maji ya bomba. Pampu moja ya hewa inalisha yote mawili kwa mpira wenye matawi mawili, na kila tawi lina jiwe lake la hewa, lenye vitundu vidogo vya kutolea viputo. Tangi la perege linatoa viputo vikubwa kama punje za mahindi, na ukiinama unaona mpaka sakafu. La mwatiko limejaa ukungu mweupe kana kwamba mtu amemimina tui.

Shemeji alikuwa na hakika jiwe la perege limeharibika. Tukabadilishana mawe. Ukungu ukabaki pale pale ulipokuwa, kwenye maji ya bahari.

"Basi hiyo ni kazi yako, shemeji. Mimi nafuga tu," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Jibu la haraka ni chumvi. Shida ni kwamba somo ninalolifundisha mwenyewe linasema kinyume. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi habari za mto Pangani: unashuka na chembe za udongo, kila chembe ina chaji hasi, zinasukumana na kubaki zikielea. Zikifika baharini, ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, zinazizunguka na kuficha ile chaji, chembe zinagusana, zinashikamana, zinazama. Chumvi hukusanya. Kwa hesabu hiyo, viputo kwenye maji ya bahari vingetakiwa viungane upesi kuliko kwenye maji ya bomba, viwe vikubwa zaidi. Vinafanya kinyume, tena mbele ya mwalimu.

Jumapili, 9 Juni

Vifaa: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu niliyoikata shingo, pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo, jiwe la hewa jipya, mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Maji ni yale ya betri, yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke (si asidi, usije ukakosea dukani). Kipimo changu ni gazeti: nimebandika kipande nyuma ya chupa. Nikisoma herufi ndogo za habari, viputo ni vikubwa na vichache. Nikiona kichwa cha habari tu, tuko katikati. Nisipoona kitu, ni tui.

Majaribio ya kwanza ni fujo tupu. Maji matupu, bila punje ya chumvi, yamekuwa meupe, na juu yake pamejengeka povu la sentimita mbili. Nimezima kila kitu nikalala.

Jumamosi, 15 Juni

Kosa nimelijua: niliosha chupa kwa sabuni ya vyombo. Nimeiloweka kwa maji ya moto yenye magadi, nikaisuuza mara kumi na mbili, na jiwe nimelichemsha. Leo maji matupu yanatoa viputo vya mahindi kama inavyotakiwa, na gazeti nasoma mpaka matangazo ya vifo.

Kosa hilo limenifunza kitu ambacho nisingekiandika kama kila kitu kingekwenda sawa. Ukungu wa sabuni na ukungu wa chumvi ni vitu viwili tofauti. Wa sabuni una povu juu, na ukizima pampu povu linakaa. Wa chumvi, nilivyouona Sahare, hauna povu: ukizima pampu, baada ya muda mfupi tangi ni safi kama halijawahi kuguswa. Chumvi inachelewesha tu viputo kuungana. Sabuni inaviwekea ukuta.

Tofauti hiyo ina mzizi. Molekuli ya sabuni ina mkia unaokimbia maji, hivyo inapenda kukaa mpakani, pale maji yanapokutana na hewa, na ikikaa hapo inalegeza mvutano wa uso wa maji. Chumvi hufanya kinyume. Maji safi kwenye nyuzi 25 yana mvutano wa takriban milinyutoni 72 kwa mita. Moli moja ya chumvi ya mezani kwa lita (moli huhesabu idadi ya chembe; kwa chumvi hii ni kama gramu 58) inaupandisha kwa kama 1.6 hivi. Mvutano unapanda kwa sababu ioni, kwa wastani, zinaukwepa uso. Zinataka maji pande zote, na pale juu upande mmoja ni hewa.

Kwa hiyo nina kitu kinachoukwepa mpaka, lakini kinaathiri yanayotokea mpakani.

Jumapili, 16 Juni

Chumvi ya mezani, gramu moja moja katika lita moja ya maji.

Gramu 1, 2: hakuna tofauti. Gramu 3: viputo vimepungua ukubwa, herufi ndogo bado zinasomeka kwa kukaza macho. Gramu 4: herufi ndogo zimekwenda. Gramu 5: kichwa cha habari kinayeyuka. Gramu 6: tui. Nimeendelea mpaka 30 na hakuna kilichobadilika cha maana.

Sikutarajia mabadiliko yawe na kizingiti namna hii. Nilidhani yatakuja polepole. Gramu 5 kwa lita ni kama moli 0.086, na maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi katika kila kilo, kwa hiyo bahari imekwisha kuvuka kizingiti zamani. Mke wangu amepita, akatazama, akasema mtu mzima ananunua chumvi kupuliza mapovu. Nimemsahihisha: ni viputo, povu ni kitu kingine. Haikusaidia.

Kuhusu chaji, nimepiga hesabu ya umbali ambao nguvu ya umeme inafika ndani ya maji yenye chumvi. Kwenye moli 0.001 kwa lita ni karibu nanomita 10. Kwenye moli 0.1 imebaki nanomita moja, upana wa molekuli tatu au nne za maji. Kitu kinachofika nanomita moja hakiwezi kuwa ndicho kinachotenganisha viputo vyangu. Msukumano wa umeme nimeufuta kwenye orodha.

Jumamosi, 22 Juni

Haluli, kutoka duka la dawa. Ni salfeti ya magnesiamu iliyobeba molekuli saba za maji. Tui limekuja karibu na gramu 5 kwa lita.

Kwa mzani wa jikoni haluli na chumvi ni sawasawa. Kwa moli, sivyo: gramu 5 za haluli ni moli 0.02 tu, robo ya zile za chumvi. Ioni zenye chaji mbili zinafanya kazi kwa uchache. Nilifurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na kanuni: chaji ikiongezeka, kiasi kinachohitajika kinapungua. Kanuni hiyo iliishi siku saba.

Jumamosi, 29 Juni

Nilitaka chumvi nyingine yenye sodiamu, na rahisi kutengeneza ni asetati ya sodiamu. Mililita 250 za siki nyeupe ya asilimia tano, na bikaboneti ya kuokea kidogo kidogo, ikichemka kwa sauti, mpaka kutulia. Bikaboneti ikizidi itakuwa chumvi ya pili ndani ya chupa na itaharibu kila kitu, kwa hiyo nilipima kwa choya: tone la juisi kwenye sahani, tone la mmumunyo juu yake. Ikibaki nyekundu, siki bado ipo. Ilipoanza kuingia zambarau niliacha, kwenye gramu 17. Nikajaza maji mpaka lita moja. Hiyo ni kama moli 0.2 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kizingiti cha chumvi ya mezani. Nikaiacha wazi usiku kucha gesi itoke, na asubuhi nikaipulizia hewa nusu saa zaidi.

Nimewasha pampu nikasimama na kalamu tayari kuandika "tui".

Nasoma gazeti. Nasoma herufi ndogo. Nasoma matangazo ya vifo.

Nimeongeza asetati mara mbili, moli 0.4. Viputo vya mahindi. Nimebadilisha jiwe. Viputo vya mahindi. Nimemwaga, nikaweka chumvi ya mezani gramu 6 kwenye chupa ile ile na jiwe lile lile: tui mara moja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa uchafu. Siki ya dukani hujui ina nini. Lakini uchafu wa sabuni ungeleta ukungu, si kuuondoa. Uchafu wa namna hiyo haungeweza kunipa maji haya yanayosomeka. Kwa hiyo jibu ni la kweli: sodiamu ni ile ile, chaji ni zile zile, moja chanya na moja hasi, na mmumunyo wa asetati unafanya kama maji ya betri matupu.

Usiku huu sina kanuni.

Jumatatu, 1 Julai

Nimesoma. Watu walishapita hapa zamani. Mwaka 1993 Vincent Craig, Barry Ninham na Richard Pashley, wakiwa Canberra, walichapisha majaribio ya namna hii hii katika jarida la Nature, ila wao walipitisha mwanga kwenye bomba la viputo na kuupima. Walichokiona ndicho kilichonikalisha chini juzi.

Waliziweka ioni katika makundi mawili, wakayapa majina yasiyo na maana yoyote, alfa na beta. Majina hayo matupu yamenipendeza, kwa sababu ni ya mtu anayekiri kwamba amepanga kabla ya kuelewa. Sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kalisiamu ni alfa. Haidrojeni, yaani ioni ya asidi, ni beta. Upande wa hasi, kloridi, salfeti na haidroksaidi ni alfa. Asetati na perklorati ni beta. Kisha sheria: alfa na alfa, viputo vinazuiwa kuungana. Beta na beta, vinazuiwa pia. Alfa na beta, hakuna kitu.

Sheria hii haisemi sodiamu inafanya nini. Ukiuliza peke yake swali halina jibu. Sodiamu pamoja na kloridi inazuia, pamoja na asetati haizuii. Na kloridi si mlinzi kwa asili yake. Ikikutana na ioni ya asidi inaacha kazi. Miaka yote nimeandika ubaoni ioni moja moja, kila moja na chaji yake na ukubwa wake, kama wanafunzi waliopangwa mstarini asubuhi. Mpakani mwa maji na hewa ioni haihukumiwi hivyo. Inaulizwa imekuja na nani.

Sababu? Maelezo yanayonivuta zaidi ni kwamba alfa ni zile zinazoukwepa uso, na beta ni zile zinazousogelea. Jozi inayofanana inaacha tofauti kubwa kati ya uso na ndani ya maji. Jozi iliyochanganyika inafutana. Viputo viwili vikikaribiana, kati yao kunabaki utando mwembamba wa maji unaopaswa kutiririka utoke, na tofauti hiyo inauchelewesha kutoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kiputo kinachopanda hakihitaji zaidi ya hapo. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mpaka leo juu ya namna hasa utando unavyocheleweshwa.

Zamani mambo yalionekana mepesi. Mwaka 1934 Lars Onsager na Nicholas Samaras walieleza kwa nadharia ya umeme kwamba ioni zote husukumwa mbali na uso, na vitabu vyetu vimebaki hapo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 Pavel Jungwirth na Douglas Tobias walionyesha kwa kompyuta kwamba ioni kubwa na laini kama iodidi na bromidi hupenda kupanda juu, mpaka usoni mwa maji, huku floridi ikijizamisha ndani. Zote nne, floridi, kloridi, bromidi na iodidi, zina chaji moja ile ile.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, shule imefungwa, na mkuu wa shule kanipa ufunguo wa maabara. Nina swali moja la kuijaribu ile sheria. Asidi ya haidrokloriki ni beta na alfa: isifanye kitu. Soda kali, haidroksaidi ya sodiamu, ni alfa na alfa: ifanye tui. Na zikichanganywa zinazaa chumvi ya mezani.

Miwani, glavu, madirisha wazi, maana kupuliza hewa ndani ya asidi kunarusha matone madogo na sitaki yaingie kifuani. Lita moja, asidi ya moli 0.2 kwa lita. Pampu imewashwa: viputo vya mahindi, gazeti lote linasomeka. Kloridi imejaa humo mara mbili ya inayohitajika, na haifanyi lolote.

Kisha mililita 100 za soda kali ya moli 2, kwa mkono wa polepole, pampu ikiendelea. Chupa ikapata uvuguvugu kidogo. Ukungu ulianzia chini, kwenye jiwe, ukapanda kama moshi wa ubani, na gazeti likapotea. Nilikuwa nimeondoa ioni ya asidi na kuweka sodiamu mahali pake. Kloridi sikuigusa hata moja.

Nimefanya mara tatu. Mara ya pili nilikosea kipimo cha soda kali, haimo kwenye hesabu. Ya kwanza na ya tatu zimetoa kitu kile kile. Mlinzi wa shule alisimama dirishani muda mrefu, akauliza kama hiyo ni dawa ya kusafishia mabomba. Kwa vile alikuja mwishoni, nilimwambia ni maji ya chumvi. Hakuniamini, na mimi nisingeamini.

Jumamosi, 13 Julai

Ute wa yai. Haya yalikuwa nje ya mpango, lakini huwezi kusoma habari za ioni bila kukutana na Franz Hofmeister. Akiwa Prague mwaka 1888 alichapisha vipimo vya kiasi gani cha kila chumvi kinatosha kuitoa protini ya yai ndani ya maji. Salfeti ilitosha kwa kiasi kidogo, kloridi ilitaka zaidi, na zingine zilikuwa mahali pao kwenye foleni. Foleni hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Jungwirth naye anafanyia kazi Prague, jambo ambalo halithibitishi chochote.

Nilitumia mbolea ya SA, salfeti ya amonia, kutoka duka la pembejeo, nikaiyeyusha mpaka ikakataa na kuichuja kwa kitambaa mara mbili. Ute wa yai nimeuchanganya na maji mara tano. Kipimo sawa kwa sawa: ute umekuwa na mawingu ndani ya dakika moja, na baada ya saa kuna mashapo. Chumvi ya mezani iliyoyeyushwa mpaka ikakataa, kipimo sawa kwa sawa: wingu jembamba sana, labda ni macho yangu.

Ulinganisho wangu si wa haki. SA inayeyuka kwa wingi kuliko chumvi, kama gramu 75 katika mililita 100 dhidi ya 36, na mbolea si kitu safi. Naandika kwamba mwelekeo unakubaliana na Hofmeister, basi. Ila nimegundua jambo la kuudhi: foleni yake na makundi ya Canberra hayalingani. Kwenye foleni, asetati inakaa upande wa salfeti. Kwenye viputo zimetengana, moja alfa na nyingine beta. Uso wa protini na uso wa kiputo haziziulizi ioni swali moja. Mayai mawili yamebaki, yatakaangwa.

Jumamosi, 20 Julai

Sahare tena, na chupa yangu kwenye kapu. Kusi linavuma kiasi kwamba gazeti limebidi libandikwe kwa gundi.

Shemeji anataka kujua jambo moja la maana kwake: wakati wa masika maji ya mvua yanapoingia kwenye tangi la mwatiko, hewa yake inaharibika lini? Mwatiko wenyewe wanavumilia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wasiwasi wake ni oksijeni. Maji ya bahari kwenye nyuzi 28 yanabeba oksijeni kama miligramu 6.4 kwa lita yakishiba, na maji baridi 7.8, kwa hiyo unaweza kudhani mvua inasaidia. Lakini viputo vikubwa vina uso mdogo kwa hewa ile ile, vinapanda haraka, na oksijeni nyingi inatoka juu bila kushuka kwenye gari. Chombo ni kikubwa zaidi, mlango ni mwembamba.

Tumechanganya maji yake ya bahari na maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa. Nusu kwa nusu: tui. Robo ya bahari: tui. Moja ya kumi: kichwa cha habari kinaonekana, herufi ndogo hapana. Moja ya ishirini: viputo vya mahindi. Maji ya bahari yanaonekana kuhimili zaidi kidogo kuliko chumvi ya mezani ya uzito ule ule, na nadhani ni magnesiamu na salfeti zilizomo, lakini kwa mzani wa jikoni siwezi kuapa.

Shemeji hakungoja nimalize kuandika. Amechukua chupa, ameitundika kwa waya kwenye nguzo ya tangi la mwatiko, ameivutia tawi la tatu la mpira, na ameagiza mtoto aijaze maji ya tangi kila asubuhi wakati wa mvua. Siku atakayoweza kusoma gazeti, ataongeza maji ya bahari. Nimemwambia chupa ni ya mradi. Akaniuliza ni mradi wa nani.